Eriali Juu ya Gari, Kamere

Wasomaji, leo programu kando. Nililala garini Kamere, karibu na Ziwa Naivasha, nikisaka televisheni kwa eriali.

Televisheni ilianza Kenya 1962. Mtambo wa kwanza, Limuru, ulifika kama kilomita 24 tu. Bondeni huku, bure. Analojia ilipoenea baadaye, mzee alinituma nje kugeuza mlingoti: "Hapo! Rudisha kidogo!" Chenga zilimwambia tumekosea kiasi gani.

Analojia ilizimwa 2015. Dijitali haina chenga: ishara ikififia, picha hukwama, kisha giza. King'amuzi nacho huchukua sekunde kadhaa kunasa. Basi fungua kipimo cha ishara, inua eriali, geuza kidogo, subiri, geuza tena.

Nilipata habari za saa moja. Nilikosa ile sauti dirishani tu.