Meza ya Shukrani katika Marekani

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya twataka kuwapeleka ndani ya nyumba moja ya Marekani, siku ya Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Majira hayo huko majani ya miti yamegeuka rangi na kupukutika, na mavuno yamekwisha kutiwa ghalani. Meza imetandikwa kitambaa cheupe. Katikati yamepangwa maboga madogo, na mahindi yenye punje za rangi mbalimbali. Kisha huletwa bata mzinga mzima aliyeokwa, tumbo lake limejazwa mkate uliochanganywa na vitunguu na majani ya kunukia. Kando yake iko rojo ya kranberi, matunda madogo mekundu yaotayo penye majimaji, makali kama ukwaju. Na mwisho huja pai ya boga. Mwenye nyumba huikata nyama, na jamaa waliotoka miji ya mbali hupokea sahani zao. Ndiyo Siku ya Shukrani.

Ukiuliza ni nani aliyeipanga meza hii, wengi watakujibu kwamba ni wahamiaji Waingereza wa Plymouth, katika mwaka wa 1621. Jibu hilo lina kweli ndani yake, walakini limeacha mengi, na sisi tulio walimu yatupasa kuyatafuta yaliyoachwa.

Wahamiaji hao walifika kwa merikebu iitwayo Mayflower mwishoni mwa mwaka wa 1620, nao walikuwa abiria 102. Kabla baridi haijakwisha, nusu yao walikuwa wamekufa. Wake waliosalia walikuwa wanne tu. Basi na tufikiri ni mikono mingapi iliyokuwapo ya kupika karamu ya siku tatu! Habari za karamu ile twazipata katika barua ya Edward Winslow, aliyekuwapo. Asema kwamba watu wanne walitumwa kuwinda ndege, na kwa siku moja wakapata wa kuwatosha watu wote karibu juma zima. Ndege hao hawataji kwa jina. Asema pia kwamba alikuja Massasoit, mkuu wa Wampanoag, wenyeji wa nchi ile, pamoja na wanaume wapatao 90, nao wakaenda kuwinda wakaleta kulungu watano. Wahamiaji wote hawakuzidi 50 au zaidi kidogo. Basi wageni walikuwa wengi kuliko wenye karamu, na kitoweo kikubwa ni wao waliokileta.

Pai haikuwapo, kwa kuwa hapakuwa na unga wa ngano wa kuifanyia. Viazi havikuwapo. Uma haukuwapo pia: watu walikula kwa kisu, kijiko, na vidole. (Mwanafunzi adhaniye kwamba kula kwa mkono ni ushamba na alikumbuke jambo hili.) Lililokuwapo ni hindi, lile lile tunalolisaga sisi kwa ugali, ambalo asili yake ni Amerika. Shayiri na njegere walizozileta Waingereza hazikufanikiwa sana. Mahindi yalifanikiwa, maana walifundishwa kuyapanda na mtu mmoja wa pale, jina lake Tisquantum, aliyewaonyesha kurutubisha udongo kwa samaki.

Kisa cha Tisquantum chatosha kitabu kizima. Katika mwaka wa 1614 nahodha mmoja Mwingereza, Thomas Hunt, alimteka yeye na wenzake akawachukua Hispania kuwauza. Akaponyoka, akafika London, hata katika mwaka wa 1619 akarudi kwao Patuxet. Hakukuta mtu. Maradhi yaliyoletwa na wageni kutoka Ulaya yalikuwa yamewamaliza. Juu ya mashamba ya ndugu zake waliokufa ndipo Waingereza walipojenga Plymouth.

Meza tuliyoieleza hapo mwanzo imetoka kwa mwanamke, Sarah Josepha Hale, aliyezaliwa New Hampshire mwaka 1788. Alifiwa na mumewe mwaka 1822, akaachwa na watoto watano, akajilisha kwa kalamu yake. Katika riwaya yake ya mwaka 1827 aliieleza meza ya Shukrani: kitambaa cheupe, kila mtoto na kiti chake, bata mzinga mahali pa heshima, na pai ya boga. Baadaye akawa mhariri wa gazeti kubwa la wanawake, akaandika miaka mingi kwa magavana na marais akiomba sikukuu iwe moja kwa nchi nzima. Mwezi wa Septemba 1863 alimwandikia Rais Abraham Lincoln. Nchi ilikuwa katika vita vya ndugu kwa ndugu, na nyumba nyingi zilikuwa na kiti kisicho na mtu. Tarehe 3 Oktoba Lincoln alitoa tangazo lake, wala hakuwataja watu wa Plymouth hata kidogo. Siku yenyewe, Alhamisi ya nne, iliwekwa na sheria ya mwaka 1941.

Na watoto wa wale wageni 90? Miaka 54 baada ya karamu, Metacom, mwana wa Massasoit, alipigana na Waingereza ambao baba yake alikula nao. Aliuawa mwaka 1676, na kichwa chake kikasimamishwa juu ya mti katika Plymouth kwa miaka mingi. Tangu mwaka 1970, Alhamisi ile ile, wazao wa wenyeji wa nchi hukusanyika Plymouth, juu ya kilima kinachoelekea bahari, kuwalilia wazee wao. Wengi wao hufunga tangu jioni iliyotangulia. Na maombolezo yakiisha, huketi wakala pamoja.