Tumkumbuke Chebeya, Tumtaje na Bazana

Floribert Chebeya alikuwa rafiki yangu na mwenzangu katika kazi ya kutetea haki. Alizaliwa Bukavu mwaka 1963, akaja kuongoza shirika la La Voix des Sans-Voix, Sauti ya Wasio na Sauti, jijini Kinshasa, Kongo. Tangu enzi za Rais Mobutu hadi za marais akina Kabila, baba na mwana, alifuatilia habari za waliofungwa bila kesi, waliopigwa na waliopotezwa. Aliandika majina yao, kwa kuwa ambaye hakuandikwa ni rahisi kukanwa.

Tarehe 1 Juni 2010 aliitwa makao makuu ya polisi. Alikwenda na dereva wake, Fidèle Bazana, mwanaharakati mwenzake. Kesho yake mwili wa Floribert ulikutwa ndani ya gari lake, pembezoni mwa jiji. Bazana hakurudi.

Mwaka 2011 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani maafisa wa polisi kwa mauaji hayo, na mwaka 2022 ikatolewa hukumu nyingine. Hukumu hizo hazitoshi. Familia ya Bazana inastahili mwili wa kuzika, na kila aliyetoa amri lazima asimame kizimbani, hata awe na cheo gani.