Kutoka Kipande Hadi Daftari la Mishahara

Chukua mgahawa wa kawaida pale Kigera, Musoma, wenye wahudumu watatu na mpishi mmoja. Mwezi ukiisha, mwenye mgahawa ana siku saba tu za kufikisha TRA kodi aliyoikata kwenye mishahara. Kuna michango ya NSSF inayomsubiri, na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi pia. Wenye biashara ndogo wengi huiona kazi hii ya kuandika na kuripoti mishahara kama jambo la juzi, lililokuja na kompyuta. Ina umri mkubwa kuliko hapo. Zamani, aliyebeba karatasi alikuwa mfanyakazi mwenyewe.

Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba ya kijijini. Asiyekuwa na rupia alizitafuta kwenye kazi ya mkoloni, au akailipa kodi yenyewe kwa jasho. Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Kwa hiyo kodi ilimtangulia mtu, ikamsukuma kwenda kutafuta mshahara. Leo mshahara hutangulia, kodi ikaufuata.

Huko kwenye ajira alikutana na kipande. Hiki kilikuwa kikadi chenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku iliyokamilika ilitiwa alama, na mshahara ulitolewa zilipotimia zote 30. Siku ambayo msimamizi hakuridhika na kazi haikutiwa alama, hata kama jua lilimchoma mtu kutwa nzima. Mashamba ya mkonge yaliendeshwa kwa utaratibu huo. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, neno hilohilo lilikuwa na uchungu zaidi: kipande cha huko kilikuwa cheti cha utambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati, na ndani yake mwajiri aliandika kazi na malipo yake. Harry Thuku alipoongoza upinzani Nairobi mwaka 1921 na 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu.

Karatasi hizo ndizo zilizokuwa kumbukumbu za mshahara, lakini mwenye kuzibeba hakuwa na sauti juu ya kilichoandikwa.

Miaka ya 1930 dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, ambako leo ni Wilaya ya Butiama, iliisogeza kazi ya mshahara karibu na vijiji vya Mara. Kodi ya mapato ilikuja Tanganyika mwaka 1940, ikiwagusa hasa wenye kipato kikubwa. Kwa miaka mingi ilikusanywa na idara moja ya Afrika Mashariki, mpaka 1973 Tanzania ilipotunga sheria yake.

Badiliko lililomgusa mfanyakazi wa kawaida kwa wema lilikuja mapema kidogo, mwaka 1964, serikali ya Mwalimu Nyerere ilipounda Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF. Hapo mwajiri alitakiwa kukata sehemu ya mshahara, kuongeza ya kwake, na kuipeleka kwa jina la mtu fulani. Kwa mara ya kwanza, kilichokatwa kilikuwa mali ya aliyekatwa. Sheria ya mwaka 1997 iliugeuza mfuko huo kuwa NSSF, na badala ya kumkabidhi mstaafu fedha zake kwa mkupuo ikaleta pensheni ya kila mwezi.

Viwanda vikubwa, kama kile cha nguo cha MUTEX mjini Musoma, vilikuwa na makarani wa mishahara wa kufanya hesabu hizo. Mgahawa na saluni havina karani. Na mtaani watu walikuwa wakikumbuka kodi nyingine kabisa: kodi ya maendeleo, ambayo stakabadhi yake mgambo waliidai njiani, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Haishangazi kwamba neno kodi bado huwafanya wazee watazame nyuma.

Hesabu ya leo si ngumu kama inavyotisha. Chukua mpishi wa mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi. NSSF yake ni asilimia 10, yaani 40,000. Katika 360,000 zinazobaki, 270,000 za kwanza hazitozwi kodi. 90,000 zilizozidi hutozwa asilimia 8, ambayo ni 7,200. Mpishi anaondoka na 352,800. Mwajiri anaongeza 40,000 zake za NSSF na 2,000 za mfuko wa fidia, ambazo ni nusu asilimia ya mshahara. Tozo ya ufundi stadi haimhusu, kwa kuwa tangu Julai 2021 hudaiwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi.

Mfuko huo wa fidia ulianza kazi mwaka 2015, nao humtaka hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja ajisajili. Umuhimu wake unaonekana haraka kwenye mji wa samaki kama Musoma. Mkata minofu anayeteleza kwenye sakafu yenye maji na barafu, kisu kikamkata vidole, ataulizwa kwanza mwajiri wake ni nani na alikuwa akilipwa kiasi gani. Jibu linatakiwa liwe tayari kwenye daftari la mishahara, limeandikwa kabla ya siku hiyo.