Jiwe Lenye Vitundu na Mafuta ya Mimea

Watu wengi hudhani ya kuwa kitu chenye vitundu ni kitu kilichoharibika. Mtungi uvujao hutupwa, na ubao ulioliwa na mchwa hautengenezewi mlango. Lakini katika historia ya kugeuza mafuta ya mimea yawe mafuta ya injini, twaona kinyume cha hayo: vitundu vyenyewe vimekuwa mali. Yafaa tuifuate historia hiyo tangu mwanzo, kwani Afrika imo ndani yake.

Fundi Mjerumani, Rudolf Diesel, alipewa hati ya uvumbuzi wa injini yake mwaka 1893. Katika Maonyesho Makuu ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya njugu. Diesel mwenyewe alieleza baadaye ya kuwa serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, kwa sababu njugu zilistawi katika makoloni yake ya Afrika. Injini ilikwenda vizuri. Lakini mafuta ya mimea ni mazito, na yakitumiwa kwa muda mrefu huacha uchafu mgumu ndani ya injini. Ilikuwa lazima yapunguzwe uzito wake. Tarehe 31 Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hati ya njia ya kuyageuza mawese kwa spiriti. Ubelgiji wakati ule ilikuwa ikitawala Kongo, nchi ya michikichi. Mwaka uliofuata basi la abiria liliyatumia mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain.

Sasa tutazame badiliko lenyewe. Kila chembe ya mafuta ya mimea ni minyororo mitatu iliyoshikamana na gliserini moja. Spiriti huiondoa minyororo hiyo mmoja mmoja na kuungana nayo. Gliserini, kwa kuwa ni nzito, hutua chini ya chombo. Yaeleayo juu ndiyo bayodizeli. Kazi hiyo huenda polepole mno pasipo kichocheo. Neno la kitaalamu la jambo hili lilitolewa na Mswidi Jöns Jacob Berzelius mwaka 1835. Kichocheo ni kama mshenga: huwaunganisha watu wawili, naye mwenyewe haolewi wala haoi, bali huondoka akaenda kuwaunganisha wengine.

Viwanda vingi, hata leo, hutumia kichocheo cha jamii ya soda kali, kilichoyeyushwa katika spiriti. Ni cha bei nafuu, tena chafanya kazi upesi. Lakini mshenga huyu amezama katika arusi asiweze kutoka. Kila mara hana budi kuuawa kwa asidi na kuoshwa kwa maji mengi, na maji hayo machafu lazima yatafutiwe mahali pa kumwagwa. Zaidi ya hayo, mafuta yaliyokwisha kukaangia huwa yana asidi nyingi, na soda ikikutana na asidi hizo hufanya sabuni. Basi mafuta yaliyo rahisi kupatikana ndiyo yaharibuyo kazi.

Dawa ya taabu hiyo ni kichocheo kigumu kisichoyeyuka, kiwezacho kuchujwa na kutumiwa tena. Lakini kitu kigumu hufanya kazi usoni pake tu. Kilichofichwa ndani ni bure. Kwa hiyo wataalamu walitafuta kitu chenye uso mpana cha kukibeba. Asili ilikuwa imekwisha kukitengeneza. Katika maji huishi vijimea vidogo mno viitwavyo diatomu, vyenye magamba ya silika, yaani kitu kile kile kilichomo katika mchanga mweupe. Magamba yake hurundikana chini ya maziwa na kuwa jiwe jepesi, jeupe kama chokaa, lililojaa vitundu. Hapa Kenya jiwe hilo limechimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil. Alfred Nobel alilitumia jiwe la namna hiyo kunyonyea mafuta ya baruti alipovumbua baruti kali mwaka 1867, na katika karne ya 20 viwanda vya asidi ya salfuriki vilibebesha kichocheo chao juu yake.

Lakini vitundu vya asili havilingani. Mwaka 1992 wataalamu wa kampuni ya Mobil, Marekani, walitangaza silika waliyoiita MCM-41. Chembe za namna ya sabuni zilijipanga ndani ya maji kama vijiti, silika ikagandamana kando yake, kisha sabuni ikachomwa. Kilichobaki kilikuwa kama sega la nyuki. Gramu moja ya kitu hicho ina uso ukaribiao mita za mraba 1,000, hata gramu saba zatosha kulingana na kiwanja cha mpira. Mwaka 1998 Zhao Dongyuan, Galen Stucky na wenzao huko Santa Barbara walitengeneza SBA-15, yenye vitundu vikubwa zaidi na kuta nene. Mwaka 2003 Isa Mbaraka na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa State walionyesha ya kuwa silika ya namna hiyo, iliyobebeshwa asidi, yaweza kuzigeuza asidi za mafuta pasipo kufanya sabuni.

Hata hivyo, tusishangilie kabla ya mavuno. Chembe za mafuta ni kubwa, hupita kwa shida. Vitundu huzibwa, maji hudhoofisha kuta, na silika hizi ni ghali. Tena hapana kichocheo kiwezacho kuumba mafuta. Katika miaka ya 2000 wakulima wengi wa Kenya walihimizwa kupanda mibono kwa ajili ya bayodizeli, na mavuno yakawa haba. Ardhi iwezayo kulisha watu haipaswi kutolewa kwa injini bila hesabu ya haki.

Ndiyo maana elimu ya vitundu ina maana kwetu. Mafuta machafu ya mikahawa hayamnyang'anyi mtu shamba lake. Mtu atakayefaulu kuyageuza kwa kichocheo kidumucho, kwa gharama ndogo, atakuwa amewatendea wema wakulima na madereva pia.