Aliyejifungua kwa upasuaji aweza kuzaa kwa njia ya kawaida?

MWANAMKE aliyejifungua kwa upasuaji hukabiliwa na swali zito pindi apatapo ujauzito mwingine: arudi chumba cha upasuaji, au ajaribu kuzaa kwa njia ya kawaida? Mitaani jibu hutolewa haraka, kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima.

Kauli hiyo ilienezwa na Edwin Cragin, daktari wa New York, mwaka 1916. Kusudi lake lilikuwa kuwaonya wenzake wasikimbilie upasuaji wa kwanza pasipo sababu, lakini watu walishika maneno wakaacha onyo. Zama hizo mfuko wa uzazi ulichanwa kwa wima, sehemu ya juu yenye msuli mnene, na kovu lake lilikuwa rahisi kuachia uchungu unapopamba moto.

Siku hizi mkato ulio wa kawaida ni wa mlalo, sehemu ya chini. Kati ya wanawake 1,000 wenye kovu moja la namna hiyo wanaojaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, wapatao watano hadi saba hupasuka mfuko wa uzazi. Kwa kovu la wima hatari ni kubwa mara kadhaa, na mwenye nalo hashauriwi kujaribu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kovu linaloonekana tumboni si ushahidi wa kovu la ndani, kwani ngozi yaweza kuchanwa kwa mlalo na mfuko kwa wima. Ukweli umo katika taarifa ya upasuaji, na mama ana haki ya kuiomba kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kadi iliyoandikwa "operesheni" bila maelezo zaidi haimsaidii mkunga atakayempokea miaka mitatu baadaye.

Sababu ya upasuaji wa kwanza nayo ina uzito. Ikiwa mtoto alitanguliza matako, huenda safari hii akakaa vizuri. Ikiwa uchungu ulikwama, matumaini hupungua, ingawa hayaishi. Kwa jumla, kati ya wanaojaribu, asilimia 60 hadi 80 hufanikiwa, na aliyewahi kuzaa kwa njia ya kawaida ana nafasi kubwa zaidi. Anayezaa tena kabla ya miezi 18 kupita, kovu lake huwa katika hatari zaidi.

Upasuaji wa kurudia nao una gharama yake. Kondo la nyuma laweza kujishikiza juu ya kovu na kuzama ndani ya msuli, likagoma kutoka. Damu humwagika kwa wingi, na wakati mwingine madaktari hulazimika kuondoa mfuko wa uzazi ili kuokoa maisha. Hatari hiyo hupanda kwa kila upasuaji, hivyo anayetaka watoto wanne hapimi sawa na anayetaka wawili. Kwa upande mwingine, jaribio likishindikana, upasuaji wa dharura huwa na madhara mengi kuliko uliopangwa.

Mahali pa kuzalia hapana mjadala. Mfuko ukipasuka, mtoto hukosa hewa ndani ya dakika chache, na mara nyingi dalili ya kwanza ni mapigo ya moyo wake kubadilika. Zahanati isiyo na chumba cha upasuaji, mtaalamu wa ganzi na damu ya kuongezea haifai, sembuse nyumbani. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu ziepukwe kabisa. Hata vidonge vya misoprosto, vinavyotumika hospitalini kuanzisha uchungu, havipewi mwenye kovu ambaye mimba yake imetimia.

Anayeishi mbali hushauriwa kusogea karibu na hospitali wiki chache kabla ya tarehe ya matarajio, hata kama amechagua upasuaji, kwa kuwa uchungu waweza kumwanza kabla ya siku iliyopangwa.