Njia ya misafara ya kati (safari za baiskeli)

Njia ya kale ya biashara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, yenye urefu wa takribani kilomita 1,200. Katika karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliitembea kwa miguu wakibeba pembe za ndovu, vitambaa na shanga. Watumwa nao waliswagwa humo humo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ilikwisha.

Leo msafiri wa baiskeli huipata vizuri zaidi upande wa magharibi: Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza, kisha Ujiji. Miombo ni mirefu, mbung'o wasumbufu, na maji huwa mbali na mbali. Hapo ndipo wenyeji wanapokuwa nguzo ya safari. Baiskeli ndiyo chombo chao cha kubebea mkaa, asali na wagonjwa, kwa hiyo fundi wa kuziba pancha hakosekani kijijini. Anayesalimia kwa Kinyamwezi "mwangaluka" asubuhi hupokelewa kwa uchangamfu. Anayetaka kulala huanzia kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kwihara, nje kidogo ya Tabora, lipo tembe alimokaa mpelelezi Livingstone mwaka 1872, sasa makumbusho.