Akiba Haiozi? Muulize Dumuzi

Methali ya "akiba haiozi" tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha, tukapewa alama. Mkulima wa Iyula, kule Mbozi, anaweza kukuuliza swali moja tu: akiba ya nini? Maana historia ya chakula kwenye nyanda hizo inaonyesha kwamba akiba huoza, tena upesi, ikikosa mtu wa kuitazama.

Zamani Wanyiha walitegemea sana ulezi. Punje yake ni ndogo mno, mdudu hana pa kujificha, na ikikaushwa vizuri hukaa miaka kadhaa kihengeni. Mbozi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Ukiharibika huo, hakuna wa pili. Kwa hiyo kihenge cha uani ndicho kilichokuwa bima. Thamani yake hata adui aliijua: katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma mashamba na maghala kusini mwa nchi, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Kisha yakaja mahindi. Katika miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na Mbeya, ambayo wakati huo ilibeba Songwe yote, ikawa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya kulisha taifa, pamoja na Iringa, Rukwa na Ruvuma. Mahindi yalileta pesa, sawa. Lakini mahindi si ulezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdudu kutoka Amerika ya Kati alibainika Tabora. Wataalamu walimwita dumuzi. Wananchi wakambandika jina la lori, Scania. Mahindi ya magunzi yaliyowekwa kihengeni aliyageuza unga kabla hayajafika kinuni. Wakulima ikabidi wapukuchue, wachanganye dawa, wajaze magunia.

Akiba ilikuwa pia imeanza kuhama. Ukame wa 1973 hadi 1975 uliilazimisha nchi kununua nafaka nje, na baada yake ikaundwa hifadhi ya taifa ya chakula. Tangu 2008 kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Ni hatua kubwa, hakuna ubishi. Ila bima iliyokuwa uani sasa iko mjini, na ufunguo wake uko ofisini.

Tofauti hiyo huonekana siku ya maafa. Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoikumba Katesh, zaidi ya watu 80 walikufa, na barabara zilizibwa na tope, mawe na magogo. Saa za kwanza za janga kama lile ni za jirani na jirani. Lori la msaada linakuja baadaye.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Vizuri. Lakini kamati isiyo na stoo ni kikao tu. Na stoo yenyewe si mahindi peke yake: ni turubai, blanketi, koleo, tochi, sabuni, dawa ya kutibu maji. Vyote hivyo vina dumuzi wao. Betri huvuja ndani ya tochi, panya hulala kwenye blanketi, dawa ya maji hupitwa na tarehe, na koleo "huazimwa" msibani lisirudi.

Hapo ndipo kihenge cha ulezi kinapotufundisha, bila semina wala posho. Mwenye kihenge alijua kilichomo, alikikagua mvua zikikatika, alikula cha zamani kwanza na kujazia kipya. Stoo ya wanaojitolea mtaani haihitaji zaidi ya hayo: daftari la kuingiza na kutoa, siku maalumu ya kuhesabu, funguo mbili kwa watu wawili wasiolala nyumba moja, na desturi ya kukitumia kitu kabla hakijaharibika, kisha kukirudishia.

Basi methali yetu tusiitupe. Tuisome tu kama walivyoiishi wenye vihenge: akiba haiozi kwa sababu kuna mtu anaifungua, anaigeuza, anaihesabu. Wewe msomaji, mtaani kwako ufunguo wa stoo anao nani, na mara ya mwisho aliufungua lini?